Sikusikia Hata Neno Moja

Mdogo wangu alipanda juu ya bati la nyumba ya mama, akafunga dishi jeupe la intaneti lisilozidi sinia la pilau, akashuka akiwa amechafuka magoti na kuanza kunifundisha. Dishi linatazama juu. Waya unashuka mpaka kwenye kiboksi ukutani, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na intaneti yake inafika mpaka shambani. Kiboksi kikiwaka taa nyeupe, mambo ni mazuri. Kikiwaka nyekundu, nimpigie yeye, nisiguse kitu. Mimi ni mtu wa kuuliza, kwa hiyo niliuliza: tukiongea kwa simu ya video, kuna mtu anayeweza kutusikia?

Alicheka. "Dada, imefungwa kufuli toka simu hadi simu. Hata mimi niliyeifunga siwezi kusikia."

Hakusema uongo. Afadhali angesema uongo, ningejua pa kumshikia.

Tulizaliwa sita, lakini kwa habari hii wanatosha wawili, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho. Tumepishana miaka kumi na saba. Mama alipojifungua yeye aliumwa miezi mingi, hivyo mimi ndiye niliyembeba mgongoni nikienda kukata majani ya ng'ombe, mimi ndiye niliyemlisha mtori wa ndizi kwa ncha ya kidole. Alipoanza kusema aliniita mimi mama, na mama mwenyewe alicheka sana, hakuona vibaya. Sasa ni mtu mzima mwenye ofisi Moshi mjini. Anafunga intaneti kwenye hoteli na kwenye makampuni yanayopeleka watalii mlimani, na nikipita na mtu mbele ya ofisi yake lazima nimwonyeshe kwa kidole.

Kwa desturi yetu, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Kihamba hakiuzwi. Wenyewe wanazaliwa humo, na wakifa wanazikwa humo humo, kwenye kivuli cha migomba, na watoto wanacheza pembeni ya makaburi bila kuogopa. Kwamba kihamba cha baba ni chake nililijua tangu nikimbeba, na sikuwahi kumwonea wivu.

Mimi niliolewa Rombo, karibu na Mkuu, nikakaa huko miaka ishirini na miwili bila kujaliwa mtoto, mwisho nikarudi Kilema na cherehani na mabegi mawili. Sitaeleza kwa nini nilirudi. Aliyewahi kurudi anajua, na ambaye hajawahi ataanza kunishauri. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alinipokea mlangoni, akachukua begi moja, akasema chumba changu bado kipo. Miaka mitatu baadaye kiharusi kilimshika upande wote wa kulia, nikawa mimi ndiye mkono wake wa kulia.

Binti aliyerudi nyumbani anakula, analala, analima, hakuna anayemfukuza. Shida inakuja siku akifa. Kwa mume si kwake tena, na kwa baba yake makaburi ni ya wenye kihamba na wake zao. Jirani yetu mmoja, aliyerudi kama mimi, alikaa mochwari siku sita huku wanaume wakibishana pa kumchimbia. Mwisho akazikwa makaburi ya misheni, mbali na mama yake, na sidhani kama kuna mtu anayepalilia pale. Nilimsimulia mama habari hiyo nikiwa namkata kucha. Sikuwa naomba kitu, nilikuwa napiga soga tu. Nilipomaliza mguu wa pili, mama akasema kwa ulimi wake mzito, "Wewe hawatakubishania."

Hivyo ndivyo jambo lilivyoanza. Mama alitaka kuniachia kipande cha chini cha kihamba, kati ya mfereji na mparachichi mkubwa, panapotosha nyumba ndogo na kaburi. Alitaka kiandikwe. Na alitaka mdogo wangu asijue mpaka kiwe kimeshaandikwa.

"Akijua kabla, atalia," alisema. "Akijua baadaye, atazoea."

Aliniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa nimeshika rozari yake, na mimi si mtu wa kuapa ovyo.

Nilimpata wakili, mwanamke wa Moshi ambaye niliwahi kumshonea binti yake gauni la kipaimara. Alisema kwanza amsikilize mama, achukue maelezo, ayaandike vizuri. Mwishoni atapanda mara moja tu na mashahidi wawili, mama aweke dole gumba. Ila asije mara kwa mara, na hilo tulikubaliana haraka, kwa sababu kwetu mlimani huwezi kupokea mgeni kwa siri. Nyumba zimejificha kwenye migomba, huoni hata bati la jirani, na watu wa mjini wakija wanasema mna utulivu kweli huku. Barabara ni moja. Gari geni likikata kona ya zahanati, kabla halijafika kwetu watu watatu wameshauliza linakwenda kwa nani, na kwenye sala za jumuiya mtu atawaombea wageni waliotutembelea wiki hii huku akikutazama kwa jicho moja.

Basi tukatumia simu ya video. Tulichagua Alhamisi saa nane mchana, siku ya soko, majirani wakiwa wameondoka na mikungu yao. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Nilifunga dirisha la upande wa barabara, nikafungulia redio jikoni kwa sauti kubwa ili anayepita asisikie maongezi, nikafunga mbwa karibu na geti aniashirie mtu akija. Niliogopa macho ya watu na masikio ya watu, maana ndivyo nilivyolelewa. Kiboksi cha ukutani nilikifuta vumbi kila Jumamosi.

Alhamisi ya kwanza ilitushinda kwa sababu ya mkono wa mama. Mama haongei bila mkono. Kiharusi kilimwachia ule wa kushoto, nao unafanya kazi ya yote miwili. Unapiga paja, unapepea hewani, unaziba kamera. Akiongea na wajukuu wa Arusha ni vurugu tupu, wale wanacheka huku wakisema bibi anapigana. Wakili alisema anahitaji kumwona uso vizuri akisema kwa kinywa chake mwenyewe, asije mtu baadaye akadai mama alisemewa.

Kwa hiyo Alhamisi ya pili nilimpanga. Niliweka mito kushoto na kulia, nikauingiza mkono wake chini ya khanga na kuubana, nikaegemeza simu kwenye birika. "Tulia mama. Kaa kama unapigwa picha ya pasipoti." Akatulia. Kwa muda wa nusu saa na zaidi mama yangu aliongea bila kutikisa hata kope. Alitaja kipande, akataja kona zake, akataja sababu. Alisema, "Huyu ndiye anayeniogesha, nataka alale karibu yangu." Niligeukia ukutani kwa sababu wakili alikuwa ananiona.

Alhamisi ya tatu ilikuwa ya kipande chenyewe. Wakili alitaka achore ramani, akaniambia nitembee na simu kona kwa kona, na nikifika kila kona nisimame nihesabu taratibu mpaka thelathini. Kwetu mpaka hauwekwi nguzo, unapandwa masale, kimti chembamba chenye majani marefu, na asiyeheshimu masale hana anachoheshimu. Nilitembea kwenye migomba na upepo wa mlimani unapiga majani, picha yote inacheza. Nikasimama kwenye masale ya mfereji. Nikasimama penye jiwe. Nikasimama chini ya mparachichi, kisha penye masale ya mpaka wa jirani. Wakili akasema vizuri, amepata zote nne, na kwamba atapanda Januari, wageni wa Krismasi wakishaondoka.

Lazima niseme kitu kuhusu mdogo wangu kwa miezi ile, maana bila hiki mtu ataona nimetendwa jambo dogo. Tangu alipofunga dishi, alikuwa karibu nasi kuliko miaka yote. Alipiga simu hata bila kuwa na shida. "Dada, leo mama kaongea na wajukuu mpaka kachoka, eeh?" "Dada, leo mmeamka mapema." Nilidhani wajukuu wanamwambia. Asubuhi moja homa ilinilaza, sikushika simu kabisa, na kabla ya saa tano alinipigia, "Dada, unaumwa? Mbona kimya?" Nililia kitandani. Nilijisemea kwamba yupo mtu mmoja duniani anayejua nikiwepo na nisipokuwepo, na mtu huyo nilimbeba mwenyewe mgongoni. Nilipopona niliwasimulia wanajumuiya wote. Wengine walisema wana watoto wa kuzaa na hawapigiwi hivyo.

Krismasi ilifika, na kama ilivyo kila mwaka, wote waliotawanyika wakapanda mlima kurudi nyumbani. Siku mbili baada ya sikukuu kilikaa kikao cha ukoo uani kwetu. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshazunguka mara moja, na baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwa kwenye kiti chenye mto kama mwenyekiti. Mama tulimtoa nje na kumweka kivulini na blanketi. Mimi nilikuwa nakata ndizi pamoja na wanawake wengine, nikisikiliza nusu nusu, mpaka mdogo wangu akasimama.

"Wazee, shikamooni."

"Marahaba, mwanetu."

"Nimelibeba jambo hili wiki kadhaa, linanikosesha raha. Kuna mtu anakionyesha kihamba cha baba kwa mnunuzi."

Hakuna neno ungeweza kulisema kwenye ua ule likawa baya zaidi. Hata wanawake waliweka visu chini. Baba mkubwa alimwuliza nani, na mdogo wangu hakunitaja. Alitoa simu yake mfukoni, akainama mbele ya mzee na kumwonyesha. Kiboksi cha nyumbani, alisema, anakiona akiwa Moshi. Ndiyo kazi yake, anatazama viboksi vya wateja siku nzima, na cha mama anakitazama pia kwa sababu ni cha mama. Akaonyesha mstari unaopanda na kushuka.

"Hii ni simu ya dada. Alhamisi, saa nane. Ni simu ya video, kwa sababu simu ya sauti haili intaneti hivi. Sasa tazama, baba mkubwa. Mtu akikaa, picha haibadiliki, inatumwa kidogo. Akitembea, kila jani ni picha mpya, inatumwa nyingi. Hapa mstari uko chini, amekaa ndani. Hapa unapanda juu kabisa, yuko kwenye migomba, na siku hiyo kulikuwa na upepo. Hapa unashuka, amesimama. Unapanda, anatembea. Unashuka, amesimama. Hesabu."

Baba mkubwa alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. "Mara nne," alisema.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Pale uani wapo wasiojua kuwasha kompyuta, lakini kila mmoja wao anajua mtu anayetembea kwenye kihamba na kusimama mara nne anafanya nini. Shemeji yangu mmoja alitema mate pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama na kisu na ndizi nusu mkononi, na jambo la kwanza nililohisi halikuwa woga. Nilihisi kama nimekutwa nikioga.

"Ulinisikiliza," nikamwambia.

"Sikukusikiliza, dada. Naapa. Sikusikia hata neno moja."

"Umejuaje, kama hukusikia?"

"Mtu akipita na gunia limefungwa, huoni kilichomo," alisema, tena kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Lakini shingo yake unaiona."

Wazee waliitikia kwa vichwa, mfano uliwaingia. Baba mkubwa aliniuliza mnunuzi ni nani. Nikamtazama mama chini ya blanketi lake. Nilikuwa nimeapa, na ningeweza kukaa kimya nikaitwa mwizi wa kihamba mbele ya ukoo mzima, kwenye ua niliokuwa nimeufagia asubuhi ile ile. Watu wa hasira kama mimi hawawezi kukaa kimya. Nikasema yote. Nikasema hakuna mnunuzi, ni wakili, na si mimi niliyemtafuta kwa tamaa yangu. Mama anataka kunipa kipande cha chini ili nikifa nisibishaniwe. Amesema mwenyewe kwa kinywa chake, Alhamisi ya wiki iliyotangulia ile ya kona, nusu saa nzima, na wakili ameandika.

Nadhani nusu yao waliniamini. Baba mkubwa aligeuka kumtazama mama, na kama angemwuliza papo hapo labda habari hii ingekuwa nyingine. Lakini mdogo wangu alikuwa ameshaanza kutafuta kwenye simu yake.

"Alhamisi iliyotangulia," alisema. Akaitafuta, akaipata, akaipanua kwa vidole viwili. "Ipo. Saa nane na robo mpaka karibu saa tisa. Wazee, tazameni. Huu hapa ni mstari wa mama siku akiongea na wajukuu." Akaonyesha. Ulikuwa unaruka juu chini, juu chini, kwa sababu ya ule mkono. "Mama haongei bila mkono, sote tunamjua. Na huu ndio wa hiyo Alhamisi." Akaonyesha tena. Ulikuwa umelala. Umelala mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa mahali padogo ambapo mimi nilipita mbele ya kamera kuchukua miwani. "Hapa hakuna mtu anayeongea. Hapa kuna mtu ameketishwa. Aliyesema ni mwingine."

Nilieleza. Nilieleza kuhusu mito na khanga na picha ya pasipoti, na nikajisikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyokuwa mabaya. Nilisema, "Niliubana mkono wake." Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo nilivyosema, na nikaona nyuso zikibadilika. Nikasema mpigieni wakili. Baba mkubwa akasema, "Wakili wako?" Nikasema basi mwulizeni mama, yupo hapa, si maiti.

Mdogo wangu alinitangulia. Alikwenda kupiga magoti mbele ya mama, mikono yake kwenye magoti ya mama, na alikuwa analia kweli. Simsingizii, alilia machozi. "Mama, unanitoa kwenye kihamba cha baba?" Hakuna aliyekuwa anamtoa. Kipande chenyewe kinaingia mara nane kwenye kihamba kile. Lakini hayo hayakusikika, kilichosikika ni mtoto wa mwisho akilia.

Baba mkubwa alimwuliza mama kwa Kichagga, polepole, mara mbili. Alikuwa amesema maneno yale kwa wakili au hakusema?

Mama alimtazama mdogo wangu, kisha akatazama mahali nilipokuwa. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya kichwa cha mdogo wangu, umetulia.

"Mimi nilikaa waliponiweka," alisema.

Kikao kiliendelea, maana kulikuwa na mambo mengine, bati la nyumba ya marehemu fulani na michango ya harusi ya mwakani. Mimi sikuambiwa nitoke na sikuambiwa nibaki. Baba mkubwa alisema jambo la wakili liishe, na kwamba ukoo hauna kinyongo na mimi. Nikarudi kwenye ndizi. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu alisogeza sufuria yake kidogo, akajifanya anakwepa moshi.

Wageni walipoanza kuaga, niliingia ndani, nikapanda kwenye kiti na kukichomoa kiboksi ukutani na waya wake. Nikakipeleka kwenye gari la mdogo wangu, nikakiweka kwenye kiti cha mbele. Alinifuata mbio.

"Dada, sasa mama atawaonaje wajukuu?"

"Wapande mlima."

"Nilikuwa nalinda cha baba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikamwuliza lile lililokuwa linanichoma kuliko kihamba. "Asubuhi ile niliyoumwa homa, ukanipigia. Ulijuaje?"

Alinitazama kama hakuelewa kwa nini nauliza. "Niliona mstari wako umelala tangu alfajiri," alisema. "Kila siku huwa unashika simu saa kumi na mbili na nusu, unasoma masomo ya misa. Siku ile hukushika." Halafu, kwa sababu ananipenda, akaongeza, "Nilishtuka sana, dada."

Nadhani aliona hilo ni jambo zuri la kuniambia. Nilisimama na mlango wa gari mkononi, nikiipitisha miezi yote ile kichwani. Alijua saa ninayosali. Alijua siku niliyoongea kwa video na mume wangu wa zamani kwa dakika tatu na kukata, hata kama hakujua ni nani, na jinsi ambavyo baada ya hapo niliishikilia simu mchana kutwa nikitazama picha zake mtandaoni. Alijua nikikaa na nikitembea, na nikiwa peke yangu na nikiwa na mtu. Hakusikia hata neno moja na hakuhitaji. Mimi nilikuwa nimeliita jambo hilo upendo, na nadhani yeye naye aliliita hivyo, na ndiyo maana sikujua nimtukane vipi. Nikafunga mlango, akaondoka.

Nilimpigia wakili siku ya pili yake, kwa simu ya kawaida, nikiwa nimesimama katikati ya migomba. Alisikitika. Akasema mama yu hai na ana akili zake, akitaka anaweza kusema tena wakati wowote, yeye atapanda hata kesho, gari lionekane lisionekane. Nikamfikishia mama. Mama alisema, "Acha." Nikamwuliza mara ya pili baada ya Epifania, akasema neno lile lile.

Lakini siku yenyewe ya kikao, saa kumi na moja jioni, uani pakiwa pamebaki majivu na viti vya kukodi, nilimwingiza mama ndani. Sikutaka kumwuliza. Nilikuwa nimejiapiza sitamwuliza. Nilimketisha kitandani, nikapiga magoti kumvua viatu, vile vyeupe vya kanisani alivyokuwa amevishwa kwa ajili ya wazee, na nikiwa nimeinamisha kichwa swali likanitoka.

"Mama, kwa nini?"

Ule mkono ulianza kutembea juu ya blanketi, ukitafuta.

"Wewe utanisamehe," alisema. "Yule hatanisamehe."

Nilimvua kiatu cha pili, nikaviweka vyote chini ya kitanda, nikamlaza.

Huu ni mwaka wa pili. Namwogesha, namlisha, namgeuza ubavu asipate vidonda. Asubuhi nikiingia na kikombe ananitazama usoni muda mrefu, akisubiri nilitamke lile neno alilolitegemea kwangu. Namwambia uji umeshapoa, anywe.